Kome wa Mtaro wa Chini

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma habari za michezo, za safari za wanafunzi, na mashairi ya wenzetu. Mimi leo naomba nafasi kidogo nieleze habari za wanyama wadogo wasio na sauti, ambao watu wengi huwakanyaga bila hata kuwatazama. Wanyama hao ni kome na konokono wa maji baridi. Nitaeleza jinsi tulivyowatumia kuchunguza maji ya mashamba yetu, na jinsi walivyonitia haya mbele ya mwalimu wangu, mbele ya baba yangu, na mbele ya bibi mmoja jirani yetu. Siandiki ili nijisifu. Atakayesoma hata mwisho ataona ya kuwa sina cha kujisifia.

Kwetu ni kusini ya mji wa Moshi, katika bonde la mpunga. Wageni wapitao njiani hutazama juu tu, kwenye theluji ya Kilimanjaro. Sisi wa bondeni hutazama chini, kwenye maji. Mto Njoro na Mto Rau ndiyo inayoyanywesha majaruba yetu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na tangu hapo mpunga ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio mahari. Maji yakitoka banioni hupita katika mfereji mkuu, kisha huingia mifereji midogo, kisha majaruba. Yanayobaki hushuka katika mitaro ya kutolea maji, yakarudi mtoni, yakaendelea hata bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovuliwa perege tunaowala. Basi maji yakitoka shambani kwa mtu hayajaisha kazi. Yamehamia kwa mwingine tu.

Mwaka jana nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Baiolojia aliingia katika mkutano wa Chama cha Sayansi akatuuliza, "Nani kati yenu aweza kuniambia kama maji ya mtaro wa chini ni safi?"

Mwenzetu mmoja alijibu upesi, "Ni safi, Mwalimu, kwa sababu unaona mchanga ulio chini."

Mwalimu akacheka kidogo. "Na sumu ina rangi gani?" akauliza. Hakuna aliyejibu.

Ndipo akatueleza. Dawa ya wadudu ikiingia katika maji yanayokwenda, huenda ikapita kwa muda wa saa chache tu. Ukienda Jumatatu na chupa yako kuchota maji, na dawa ilipita Jumapili, maabara itakuambia maji hayana neno. Chupa huona saa moja tu. Lakini mnyama akaaye majini usiku na mchana, asiyeweza kutoka akakimbilia mahali pengine, yeye ameona kila kilichopita. Mnyama huyo tukimjua tabia zake, tutaweza kumfanya shahidi.

Shahidi aliyemtaja kwanza alikuwa kome. Kome wa maji baridi ana magamba mawili yaliyoungwa upande mmoja, hufunguka na kufungika kama kitabu. Hukaa nusu ya mwili wake ikiwa imefukiwa katika mchanga au tope. Huvuta maji kwa tundu moja, huyapitisha katika matamvua yake, hubakiza chembe za chakula, kisha huyatoa kwa tundu la pili. Kome mkubwa aweza kuchuja makumi ya lita kwa siku moja. Sasa fikiri: mnyama mdogo kama huyo, akipitisha maji mengi kiasi hicho mwilini mwake, kila kilichomo majini kitamgusa, na baadhi yake kitabaki katika nyama yake. Dawa za zamani kama DDT, ambazo haziozi upesi na hupenda kukaa katika mafuta, hujilimbikiza mwilini mwa kome hata zikawa nyingi kupita zilivyo katika maji yenyewe. Tena kome haendi mbali, kwa hiyo ushahidi wake ni wa mahali pale pale alipokutwa.

Jambo hili si la kubuni. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960, wataalamu walianza kupima chaza na wanyama wengine wa magamba wa pwani ili kujua DDT imeenea kiasi gani. Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa bahari, Edward Goldberg, alitoa shauri kwamba kome watumiwe kuilinda pwani ya dunia nzima kwa njia hiyo, na mwaka 1986 serikali ya Marekani ikaanzisha kazi hiyo katika pwani zake. Huko Poland, katika miji ya Warszawa na Poznań, kuna kome wanane waliowekwa ndani ya mitambo ya maji ya mji. Kila mmoja amebandikwa kifaa kidogo cha kuonyesha kama magamba yamefunguka au yamefungwa. Kome akihisi kitu kibaya majini hufunga mlango wake. Mmoja akifunga, pengine anapumzika tu. Lakini wengi wakifunga kwa pamoja, mitambo hutoa ishara ya hatari. Tuliposikia habari hiyo darasani tulicheka, tukasema kome wale ni askari wa zamu. Mwalimu akasema, "Ndiyo, tena hawasinzii."

Lakini alituonya pia, na onyo hilo naliandika hapa kwa kuwa ndilo lililonirudia baadaye. Alisema kome kufa si lazima iwe ni kwa dawa ya wadudu. Mbolea ya urea ikimwagika majini hutoa amonia, na amonia humdhuru kome sana. Mrututu unaopuliziwa kahawa huko milimani una shaba, na shaba ni adui mkubwa wa konokono. Hata zamani, katika nchi nyingine, mrututu ulitumiwa kuwaua konokono wa kichocho. Tope jingi humziba. Maji yaliyosimama hukosa hewa. Na kinyume chake, dawa nyingi za wadudu humwua mdudu wa majini na kamba mdogo kabla hazijamwua kome. Kwa hiyo ukitaka kusema kweli, usitazame kitu kimoja. Linganisha mahali na mahali, siku na siku, na uandike kila kitu kama kilivyo, hata kama hakikupendezi.

Tuliianza kazi mwezi wa Julai. Tulitengeneza vizimba vitatu vya waya, kila kimoja kiasi cha ndoo. Tulikwenda juu karibu na chemchemi, mahali pasipolimwa, tukakusanya kome 30 na konokono 60. Konokono tuliowachagua ni wale wenye kifuniko mlangoni, ambao wakiguswa hujifungia ndani. Mwalimu alitufundisha kuwa konokono wanaobeba kichocho hapa kwetu hawana kifuniko hicho. Hata hivyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia majini bila buti za mpira na glavu ndefu, na mwenzetu mmoja aliyevua buti akidai zinambana alirudishwa shuleni siku hiyo hiyo.

Kizimba cha kwanza tulikiweka pale pale karibu na chemchemi, ili kiwe cha kulinganishia. Cha pili tulikiweka katika mfereji, maji yakiwa hayajaingia mashambani. Cha tatu tulikiweka katika mtaro wa chini, baada ya maji kupita mashamba mengi, mojawapo likiwa la baba yangu. Kila kizimba kilikuwa na kome 10 na konokono 20. Kila Jumatano na kila Jumamosi wawili wetu walikwenda kuhesabu walio hai, kupima joto la maji, kutazama rangi yake, na kuandika kama kome wamefunguka. Tulimgusa kila kome aliyefunguka kwa unyasi, tukahesabu afunge kwa muda gani. Kome mwenye afya hufunga upesi. Kome mgonjwa huchelewa, au hubaki wazi kama mlango usio na mwenyewe.

Kwa majuma manne hapakuwa na jambo kubwa. Katika kizimba cha tatu walikufa konokono wawili, na kome hawakuwa na nguvu kama wa chemchemi. Lakini maji ya mtaro yalikuwa na tope zaidi, nasi tuliandika hivyo. Mimi ndimi niliyepewa daftari, kwa kuwa mwandiko wangu husomeka. Nilijivuna sana kwa kazi ile. Nilichora mistari kwa rula, nikaandika vichwa kwa wino mwekundu.

Juma la tano, siku ya Ijumaa, nilirudi nyumbani nikamkuta baba anapulizia dawa. Funza wa mabua walikuwa wameingia katika mpunga, na alikuwa na wasiwasi, kwa sababu msimu uliotangulia walimharibia karibu nusu ya shamba. Jua lilipokaribia kuchwa alinipa bomba akaniambia, "Mwanangu, kalisafishe hili, mimi naenda kufunga maji." Ndani ya bomba ilibaki dawa, yapata robo. Nilikuwa na njaa, tena nilikuwa na kazi ya hesabu ya kufanya. Nilikwenda ukingoni mwa mtaro, nikaimwaga dawa yote, nikachota maji ya mtaro ule ule, nikalisuuza bomba mara mbili, nikasuuza na chupa. Haikuchukua hata dakika kumi. Wala sikukumbuka vizimba. Naapa kuwa sikuvikumbuka. Mtu yule aliyechora mistari kwa rula na mtu yule aliyemwaga dawa walikuwa mtu mmoja, lakini hawakukutana hata asubuhi.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa zamu yangu na mwenzangu wa Kidato cha Pili. Kizimba cha kwanza hakikuwa na neno. Cha pili kadhalika. Tulipofika mtaro wa chini, kitu cha kwanza tulichokiona ni wadudu wa majini wanaoelea, wale wanaokimbia juu ya maji na wale wanaoogelea, wamekufa wengi. Vitoto vya samaki vilikuwa vimelala ubavu pembeni, vingine vikitweta. Tulikivuta kizimba. Konokono 18 waliobaki walikuwa wameanguka chini wote. Hakuna hata mmoja aliyeshika waya. Kome tisa walikuwa wamefunga kabisa, na mmoja alikuwa wazi. Nilimgusa kwa unyasi, hakufunga.

Mwenzangu akaniuliza, "Kaka, ni kitu gani hiki?"

Nilijua. Niliijua hata chupa yenyewe, na mstari wa njano uliokuwa chini ya karatasi yake. Konokono hawawezi kutaja jina la dawa; mimi niliweza. Nikamjibu, "Labda ni joto." Na katika daftari, kwenye nafasi ya sababu, nikaandika neno hilo: joto.

Tulipohesabu tena Jumatano, kome saba walikuwa wamefunguka, wawili wamekufa pamoja na yule wa kwanza, na konokono walio hai walikuwa 12. Niliandika hesabu hizo kwa uaminifu, nikidhani kuwa ukweli wa namba utaufunika uongo wa neno moja.

Katika juma lile lile yuko bibi mmoja, mjane, ambaye bustani yake ya mchicha iko chini ya mtaro. Alikuwa na bata sita ambao hushinda wakitafuta chakula majini. Jumapili alikuja nyumbani kumwuliza mama kama kuku wetu wana ugonjwa, kwa maana bata wake wawili walikufa usiku mmoja, wakitetemeka shingo. Mama alimpa pole. Mimi nilikuwa nimeketi barazani na kitabu mkononi, nikasema "Shikamoo, Bibi," akaniitikia, akaniombea nisome kwa bidii. Sikusoma hata mstari mmoja siku ile.

Mwalimu alilitazama daftari siku ya Alhamisi. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole juu ya neno lile, kisha akakirudisha kidole kwenye safu ya joto. Chemchemi nyuzi 20, mfereji nyuzi 21, mtaro nyuzi 22. Akasema, "Mwezi wa Agosti, asubuhi, sisi sote tumevaa sweta. Joto hili umelipata wapi?" Nikanyamaza. Akaendelea, "Sikulaumu kwa kukosea. Mwanasayansi hukosea kila siku. Lakini aliyeandika safu hii ya namba ni mtu anayejua kutazama. Mtu huyo hawezi kuandika neno hili ila awe na sababu."

Hapo ndipo nilipomwambia yote, na machozi yakanitoka, ingawa nilikuwa na umri wa miaka 17. Nilimwambia pia habari za bata. Alinisikiliza hata nikamaliza. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuyatazamia. Alisema bado hatujui kama ni dawa niliyoimwaga mimi peke yake iliyofanya yale, kwa kuwa wakulima wengine walipulizia juma lile lile, na ili kuthibitisha ni lazima nyama ya kome na maji vipimwe kwa mitambo ya maabara kubwa. "Lakini," akasema, "daftari letu lilikuwa shahidi, nawe ulimfunga mdomo. Hilo ndilo tunalolijua bila maabara. Lirekebishe kwa mkono wako." Nilikata neno lile kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado, nikaandika juu yake: "Dawa ya wadudu ilimwagwa mtaroni na mwandishi jioni ya siku iliyotangulia." Nikatia sahihi na tarehe. Karatasi ile ipo, na anayetaka kuiona aweza kuiomba.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Nilingoja baba ale, nikamweleza. Mwanzoni alikasirika, tena si kidogo. Alisema, "Mimi ninapulizia dawa ili wewe usome, nawe unasoma ili unishtaki?" Alikumbuka kuwa chama cha wamwagiliaji kina kanuni na faini. Alikumbuka maneno ya majirani. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli: ada yangu ilitoka katika mpunga ule, na funza wale hawakuwa hadithi. Nilisema tu, "Baba, aliyemwaga ni mimi. Nilikuja kukuambia wewe kwanza kabla hujasikia kwa mtu mwingine."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia nilete chupa ya dawa na taa. Tukaisoma pamoja, kwa mara ya kwanza tangu ilipoingia nyumbani. Maandishi yalikuwa madogo mno, na baba macho yake hayaoni vizuri karibu. Lakini pembeni palikuwa na picha ndogo ya samaki, maana yake ni kwamba dawa hii huwadhuru samaki, isiingie katika maji. Baba akasema, "Mimi nilidhani ni alama ya kiwanda."

Asubuhi alikamata bata wetu wawili, akawafunga miguu, akanichukua tukaenda kwa yule bibi. Baada ya salamu alimwambia, "Mama, bata wako walikufa. Hatujui kama ni sisi tuliowaua, wala hatujui kama si sisi. Kwa hiyo tumekuja." Bibi alitutazama kwa zamu, akawapokea bata, akasema, "Mbona mngeniambia mapema, ningeacha kuchota maji ya mboga." Neno hilo lilinichoma kuliko fimbo. Wakati mimi nililinda jina langu katika daftari, yeye aliendelea kumwagilia mchicha wake kwa maji yale kwa siku sita.

Yaliyofuata nayaeleza kwa ufupi. Mwalimu alimwalika bwana shamba wa kata, naye alikuja siku ya wazazi akasimama mbele ya vizimba vyetu. Hakutoa hotuba ndefu. Alionyesha kwa mikono yake mambo machache. Pima dawa kwa kadiri ya shamba ili isibaki. Ikiwa imebaki, ongeza maji uipulizie katika shamba lile lile. Suuza chupa mara tatu, na maji ya kusuuzia yatie bombani, yaende shambani, kisha itoboe chupa isije ikachotewa maji ya kunywa. Bomba lioshewe mbali na mfereji, mbali na mtaro, mbali na kisima. Na baada ya kupulizia, ziba mlango wa jaruba, uyashike maji siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuyaachia.

Shauri hili la mwisho baadhi ya wazee walilitilia shaka, na Mwalimu akawapa mfano wa mbali. Katika bonde la mto Sacramento huko California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, dawa za magugu za mashamba ya mpunga ziliua samaki wengi katika mitaro, na zikatia ladha mbaya maji ya kunywa ya mji wa Sacramento. Wakulima waliagizwa kuyashika maji mashambani kwa siku kadhaa baada ya kutia dawa, ili dawa ipungue nguvu huko huko. Dawa iliyofika mtoni ikapungua sana, nao wakaendelea kulima mpunga. Mzee mmoja akasema, "Basi ni kuziba mlango tu? Hilo halina gharama." Ndivyo ilivyo. Sheria tunayo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2020, iko Arusha, si mbali nasi. Lakini mamlaka haiwezi kusimama ukingoni mwa kila mtaro jioni. Pale husimama mtoto aliyetumwa kuosha bomba.

Baba hakuacha kutumia dawa, wala mimi sisemi aache. Funza wakila mpunga, hatutakula ripoti. Lakini amechimba mahali pa kuoshea bomba, juu, mbali na maji, na siku hizi hupita kwanza kati ya mistari kuhesabu mabua yaliyoharibika, ndipo aamue kama kupulizia kunafaa. Msimu uliofuata alipulizia mara moja badala ya mara tatu. Mwaka huu mimi ni Kidato cha Nne, na daftari lina mwandishi mwingine, yule yule mdogo wangu aliyeniuliza "ni kitu gani hiki?" nami nikamdanganya. Siku ya kumkabidhi nilimfungulia ukurasa ule wenye neno lililokatwa, nikamwacha ausome mwenyewe.

Wenzangu wa shule hii, wengi wetu ni watoto wa wakulima. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nami naongeza kuwa mficha hesabu hajifunzi. Jumamosi iliyopita nilikwenda mtaro wa chini, ingawa si zamu yangu. Kome waliowekwa muhula huu walikuwa kumi, na tisa walikuwa wazi, wanachuja. Nilimgusa mmoja kwa unyasi. Akafunga upesi. Nikakaa kando nikimngoja, na baada ya kitambo akafungua tena.